Kikopo cha Ijumaa

Jumatatu tarehe 11 Agosti 1958, saa mbili na robo asubuhi, Gadi Silima alihesabu vijiti saba vyekundu katika duara la kwanza la darubini. Alisogeza kioo kidogo, akatazama duara la pili: vitano. La tatu: kumi na kimoja. Hapo jibu lilikuwa limeshapatikana, lakini kanuni ilisema atazame maduara mia, na Gadi alitazama mia. Kisha akafungua rejista, akatafuta namba 61, na mbele ya namba hiyo, kwa hati ya karani wa wagonjwa wa nje, akasoma: Damari Jaribu, Bandatu, miaka 34.

Damari Jaribu alikuwa mke wake.

Aliandika "Vipo, vingi" katika safu ya majibu, akatia tarehe na herufi mbili za jina lake, akanawa mikono kwa dakika mbili kama alivyonawa kila siku kwa miaka kumi na minne. Halafu akakaa kwenye kiti chake cha mbao, hasira zikaanza kumpanda. Alijikasirikia kwanza yeye mwenyewe. Wiki sita alilala kando ya kikohozi kile, yeye ambaye kazi yake serikalini ni kutafuta vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi ya watu, na wiki zote sita alikiita vumbi la karafuu.

Daktari Zahran alisoma karatasi mara mbili. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mmoja, mpole wa sauti, asiyependa maneno ya kupoza.

"Kanuni unaijua kuliko mimi, Gadi. Vikopo vitatu vya makohozi. Viwili vikisema vipo, jina linakwenda Unguja. Pemba imepewa kitanda kimoja cha wanawake kwa meli ya tarehe 21. Telegramu ya jina naipeleka Jumamosi saa sita mchana."

"Kuna mwengine anayekingojea?"

"Yuko msichana wa Gando, Mwatum. Vikopo vyake vimeshajibu vyote. Lakini mkeo nimempima Jumamosi, kifua chake kibaya zaidi. Nipatie jibu la pili Ijumaa, nitampeleka yeye mbele, na Mwatum atafuata meli ya Septemba. Hapa mimi nina vidonge tu, tena vichache. Sindano ziko kule."

"Ijumaa," alisema Gadi.

"Ijumaa. Kikopo cha alfajiri, kabla hajala kitu. Makohozi ya kifuani. Hayo huna haja ya kuambiwa."

*

Bandatu ilikuwa mwendo wa saa moja kutoka hospitali. Nyumba zake kumi na tisa zilikuwa za wajukuu wa watumwa walioachwa huru, ambao misheni iliwapa ardhi na kuwafundisha kusoma. Kanisa lao dogo la bati lilizungukwa na mashamba ya Waislamu, na pande mbili hizo zilichota maji kisima kimoja, zikazikana na kulishana wali wa harusi bila ugomvi. Mzungu wa misheni alikwenda kwao mapumziko mwezi wa Machi. Tangu hapo kanisa liliongozwa na Mzee Elkana Pandu, seremala.

Damari alikuwa kwenye sakafu ya kuanikia, anageuza karafuu juani. Alimwona mumewe anarudi saa saba badala ya saa tisa, akaacha kazi.

"Namba sitini na moja," alisema Gadi.

"Nilijua."

"Kwa nini hukunambia unakwenda?"

"Kwa sababu ungenitazama hivyo unavyonitazama sasa. Kama kioo cha darubini." Alikohoa, akaufunika mdomo kwa upindo wa leso. "Ni chenyewe?"

"Ni chenyewe."

Hakulia. Alikaa juu ya ukingo wa sakafu akauliza maswali manne: kama atakufa, lini, kama amemwambukiza yeye, na nani ataongoza kwaya. Gadi alijibu la kwanza kwamba bila matibabu, ndiyo, huenda. La pili kwamba hajui. La tatu kwamba atajipima. La nne alimrudishia mwenyewe.

Saa kumi na moja Mzee Elkana alifika, kofia mkononi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane na hapana mtu Bandatu aliyewahi kumshika na uongo, jambo lililofanya kubishana naye kuwe kazi nzito.

"Tumesikia," alisema.

"Nani kawaambia?"

"Ame."

Ame alikuwa dresa, mfunga vidonda wa wagonjwa wa nje, muumini mwenzao.

"Ame huyo, siku moja atatibu watu kwa kuwatangaza," alisema Gadi. "Na mmesikia nini hasa?"

"Kwamba Dada Damari ana tabu ya kifua. Kanisa limekubaliana. Kesho, keshokutwa na Alhamisi, tunafunga mfungo mkavu."

Mfungo mkavu ulikuwa wa Bandatu peke yake. Haukuwamo katika kitabu chochote cha misheni. Babu zao waliuanzisha mwaka wa ndui. Waliona jirani zao Waislamu wanafunga Ramadhani bila hata tone la maji mchana kutwa, wakaona haya kujiita wafungaji huku wanakunywa uji. Basi wakafunga kuwazidi: siku tatu, mchana na usiku, bila chakula, na maji funda moja tu jua likizama. Mwaka ule ndui iliruka Bandatu, na tangu hapo hapana aliyethubutu kuupunguza.

"Fungeni," alisema Gadi. "Yeye atakunywa maji."

"Anayeombewa ndiye asifunge?"

"Mgonjwa wa kifua hafungi maji, Mzee Elkana. Mapafu hayajui nani anaombewa."

"Hayajui. Aliyeyaumba anajua."

"Aliyeyaumba ndiye aliyeviumba na vile vijiti. Nimevitazama leo maduara mia. Hakuna hata kimoja kilichoonekana kuwa na habari za Bandatu."

"Mwanangu, usikufuru kwa kuwa umechoka."

"Sikuchoka. Nina hasira. Si kitu kimoja."

"Basi msinigombanie kama mnofu wa karamu," alisema Damari. "Nipo hapa. Nasikia." Alimgeukia mumewe. "Miaka kumi na sita nawaimbisha watu nyimbo za kumtumaini Mungu. Leo zamu imenifikia mimi, niende jikoni nikanywe maji kwa kujificha? Nitafunga."

"Damari."

"Kifua cha nani, Gadi?"

*

Jumanne Damari alifunga, akaimba. Jumatano alifunga, hakuimba. Siku hiyo hiyo Mzee Elkana alianguka karakanani kwake kwa kizunguzungu. Walipomletea maji aliukaza mdomo mpaka jua lilipozama. Gadi alipoambiwa alisema, "Vizuri," na waliomwambia waliondoka bila kuaga.

Yeye hakufunga. Hakuomba pia. Kila asubuhi alikula muhogo wake mbele ya watu wote, akaenda kazini, akatazama makohozi ya watu wa Kengeja na Weti na kwengineko. Mchana aliporudi alimkuta Damari amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka, anapumua juu juu. Alhamisi alimsogezea kikombe mdomoni. Damari aligeuza uso. Alimsogezea upande wa pili. Aligeuza tena, akatabasamu kidogo, na tabasamu lile lilimuudhi Gadi kuliko lolote lililotokea wiki ile. Alikirusha kikombe ukutani. Kilikuwa cha bati, hakikuvunjika, kilibonyea tu.

"Sikohoi," alisema Damari. "Tangu jana usiku, Gadi. Hebu sikiliza. Kifua kimekauka."

"Kimekauka kwa sababu huna maji mwilini."

"Au kwa sababu kimepona."

"Makohozi ni maji. Ukiyanyima maji yanaganda ndani. Hayajaondoka, yamenasa."

"Mke wa Mzee Elkana anasema ni ishara."

"Mke wa Mzee Elkana aliwahi kusema na kupatwa kwa mwezi ni ishara. Kikatokea nini? Asubuhi."

Damari alicheka. Kicheko kilimtia kikohozi, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Alimtazama mumewe kama mtu aliyeshinda hoja.

Ijumaa tarehe 15, alfajiri, kabla ya Gadi kuamka, alitoka na kikopo chake. Saa moja Gadi alimwona amekwisha kukipeleka nyumbani kwa Ame, amekaa jikoni anakunywa uji, mfungo umekwisha. Hakumuuliza kitu.

*

Vikopo vya Ijumaa vilikuwa kumi na vitatu. Namba 61 ilikuwa ya tisa katika mpango, na Gadi hakuiruka wala kuitanguliza.

Alipofungua kifuniko aliona majimaji mepesi yenye wekundu hafifu. Kwanza alidhani damu. Alikiinamisha kikopo kwenye mwanga wa dirisha: damu hushika ukuta wa kikopo, na hii haikushika. Alipaka kioo, akakipitisha motoni, akakitia rangi, akakiosha, akakitia rangi ya pili, akakiweka chini ya darubini. Hapakuwa na vijiti. Palikuwa na chembe bapa kubwa, zile zinazobanduka ndani ya shavu, na kati yake nyuzi tatu nne ndefu ambazo Gadi alizitambua mara moja, kwa kuwa nusu ya wanawake wazee wa Pemba humletea: nyuzi za popoo. Aliyetema mate yale alikuwa mla tambuu.

Damari hakuwahi kula tambuu maisha yake.

Kwa kikopo cha namna hii kanuni ilikuwa na mstari wake, na Gadi ndiye aliyeibandika ukutani kwa mkono wake: *Mate si makohozi. Usisome. Andika "Rudia" na umwite mgonjwa kesho yake.* Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kikopo cha Jumamosi asubuhi kingesomwa saa tatu, saa nne kingekuwa mezani kwa daktari, saa mbili nzima kabla ya telegramu.

Alitazama maduara mia. Alijiambia kwamba nyuzi za popoo zingeweza kutoka kwenye kikopo kilichooshwa vibaya. Alijiambia kwamba kifua kilichokauka kinaweza kutoa mate tu. Yote mawili yaliwezekana, na yote mawili aliyajua kuwa hayakuwa kweli. Alichotaka kilikuwa neno moja, alitaka kuliona limeandikwa hata kwa dakika tano, na mkono wake uliliandika: "Havipo."

Ame alichukua karatasi kuipeleka kwa daktari. Adhuhuri Bandatu nzima ilikuwa inajua.

*

Jumamosi saa kumi alasiri Gadi alikuwa kisimani. Jirani yake, Bi Kazija, mjane wa miaka sitini ambaye ua wake ulipakana na wao, alifika na ndoo, shavu limevimba tambuu.

"Bwana mkubwa wa darubini! Hebu nambie, yamefaulu?"

"Yamefaulu nini, Bi Kazija?"

"Ai, weye unanficha miye? Mate yangu!" Alitua ndoo, akacheka mpaka bega likamtikisika. "Kaja Damari jana, alfajiri ya Mungu, kinywa kikavu kama kigae. Kanambia, Bi Kazija, kifua changu hakina kitu, Mungu kanisafisha, lakini serikali yataka kikopo kifike alama, na Ame kasema kisipofika hawakipokei. Niazime mate. Nkamwambia, haya lete. Nkasukutua mara tatu, mana jirani hapewi kitu kichafu." Alimtazama usoni, na kicheko kikamkatika. "Nimekosa, mwanangu? Miye nkajua mate ni mate."

"Hukukosa wewe."

"Nkenda hospitali nkaseme?"

"Hapana, Bi Kazija. Wa kusema ni mimi."

Alimchotea ndoo yake, akamtwika, akangoja mpaka alipopotea nyuma ya migomba. Halafu, palepale kisimani, Gadi Silima aliomba kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Wewe uliona," alisema kwa sauti. "Ulikuwa unatazama mkono wangu unaandika. Ulimzuia nabii Balaamu kwa punda, mimi ukashindwa kunizuia hata kwa wino uliokauka? Watu wako wamemnyima mke wangu maji kwa jina lako. Na mimi nimemnyima kitanda kwa jina la nani? Sikuombi unisamehe. Nakuuliza."

Alisubiri. Kuku wa Bi Kazija walikuwa wanaparura. Hapakuwa na jingine.

Damari alikuwa anasuka ukili mlangoni. Alimsikiliza Gadi akieleza yote bila kumkatiza, na Gadi alipofika mwisho ndipo mikono yake ikasimama.

"Kumbe uliona," alisema.

"Niliona."

"Nyuzi za popoo."

"Tatu, nne."

"Mimi nilidhani nimepona, Gadi. Nilidhani kikopo ni desturi tu ya ofisini, kama muhuri. Mtu mzima au mgonjwa, wanataka kijae. Nilikuwa mjinga, lakini nilikuwa na hakika. Wewe ulikuwa na hakika ya nini?"

"Ya kwamba si makohozi yako."

"Na ukaandika."

"Nikaandika."

Alisimama. Alikuwa amekonda hata leso ilimzunguka mara mbili na kuzidi. "Wiki nzima umeturushia vikombe kwa sababu sisi hatujui kitu. Unatuona watoto. Haya, sasa nambie wewe unayejua. Telegramu imekwenda?"

"Saa sita."

"Na jina la nani?"

"La Mwatum wa Gando."

Damari aliingia ndani akafunga mlango. Gadi alimsikia anakohoa. Maji yalikuwa yamemrudi mwilini, na kikohozi kilikuwa kile kile cha zamani.

*

Jumapili tarehe 17 kanisa lilijaa. Wanawake walivaa kanga mpya, na mke wa Mzee Elkana aliweka maua ya mgomba mezani. Mzee Elkana alisimama mbele, midomo yake nayo ikiwa bado na mipasuko ya mfungo.

"Ndugu zangu, tuliomba siku tatu," alisema. "Ijumaa serikali yenyewe imeandika kwa wino. Wala si sisi tuliosema. Darubini imesema. Na aliyeshika darubini, mnamjua, si mtu wa kudanganyika."

Gadi alisimama. Alisimama haraka hata kiti cha nyuma yake kilisogea.

"Aliyeshika darubini amedanganya," alisema.

Alieleza kwa mpango, kama anavyosoma ripoti: siku, saa, namba, kilichokuwamo kikoponi, kilichotakiwa kuandikwa, kilichoandikwa. Hakumtaja Bi Kazija, alisema "mate ya mtu mzima mwengine." Mtu mmoja safu ya nyuma alicheka kwa woga. Gadi aligeuka kumtazama, akaendelea.

"Kifua cha Damari hakikukauka kwa kupona. Kilikauka kwa kiu. Kiu mliyompa nyinyi, na mimi nikaitazama. Ugonjwa unaitwa kifua kikuu. Mnauita tabu, mnauita mtihani, mnauita kila jina ila lake. Kifua kikuu. Anacho leo, alikuwa nacho Ijumaa, na kitanda chake kimekwenda."

"Kaa chini, Gadi," alisema Mzee Elkana taratibu.

"Nimemaliza."

"Kaa basi."

"Mimi sijamaliza," alisema Damari.

Alikuwa upande wa kwaya. Wote waligeuka. Hakwenda mbele, alishika mgongo wa kiti mbele yake kwa mikono miwili, akafumba macho, na ikawachukua watu kitambo kutambua kwamba hasemi nao.

"Bwana Mungu, ni mimi Damari. Sikupona. Nilikuomba siku tatu kwa kinywa kikavu, hukunipa. Hawa wanasema umenipa. Usikubali waseme hivyo, maana ukikubali nitakufa na wao wataendelea kuimba. Sikushukuru leo. Nikushukuru kwa lipi? Kwa kukohoa?" Alikohoa kweli, muda mrefu, na hapana aliyethubutu kumsogelea. "Nina hasira na mume wangu. Nina hasira na Mzee Elkana. Nina hasira na wewe zaidi, kwa kuwa wao wawili hawawezi kitu na wewe unaweza. Nakuomba tena lile lile. Nipe pumzi. Nipe kitanda. Na kama hutaki, niambie mwenyewe, usitume mtu. Amina."

Kisha Gadi alisema "Amina" kwa sauti ya mtu anayegomba, na baada yake, polepole, Mzee Elkana.

Mlangoni, watu walipokuwa wanatoka, mzee alimshika mkono.

"Ndui ya mwaka ule," alisema, "baba yangu alinieleza kwamba waliokuwa wagonjwa hawakufunga. Walipewa maji ya mchele. Nilikuwa nimesahau. Au nilitaka kusahau, kwa kuwa mfungo usio na ruhusa unaonekana mkubwa zaidi."

"Unanieleza leo."

"Nakueleza leo. Na wewe kesho nenda kamweleze daktari kama ulivyotueleza sisi. Hapa ilikuwa rahisi. Sisi hatuna kazi ya kukufukuza."

*

Jumatatu tarehe 18 Damari alitoa kikopo cha tatu, makohozi mazito ya rangi ya usaha. Gadi alitazama maduara mia, akaandika "Vipo, vingi sana." Kisha akarudi kwenye mstari wa Ijumaa, akapiga mstari mmoja mwekundu juu ya "Havipo" bila kulifuta, akaandika pembeni: "Yalikuwa mate. Nilijua wakati naandika. G.S."

Daktari Zahran alisoma akiwa amesimama.

"Nilikwambia makohozi ya kifuani."

"Uliniambia."

"Ungeandika 'Rudia', leo mkeo ana kitanda."

"Najua."

"Usiniambie unajua!" Ilikuwa mara ya kwanza Gadi kumsikia anapaza sauti. "Kila kitu unajua. Ningependa ungekuwa hujui, ningekusamehe kwa urahisi. Vikopo vingapi vingine umenisomea hivi?"

"Hakuna."

"Nitajuaje?"

Gadi aliisogeza rejista mbele ya daktari.

"Mwatum anaweza kuondolewa?" aliuliza hatimaye.

"Baba yake alikuja jana. Nimeshamwambia tarehe na saa ya meli. Msichana ana miaka kumi na tisa. Nikimwondoa, utakwenda Gando wewe ukamwambie?"

Gadi alitazama sakafu.

"Sikusikia."

"Hapana," alisema Gadi. "Asiondolewe."

"Basi mkeo ni wa Septemba. Na kuanzia leo, kila 'Havipo' yako nitaisoma mimi mara ya pili, mpaka nitakapoona inatosha. Chukua vidonge vyake. Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Vinachefua. Akivitapika, avimeze tena."

Alhamisi tarehe 21 meli ilimchukua Mwatum. Damari aliendelea na vidonge Bandatu. Siku ya kwanza alikuwa na uzito wa ratili tisini na mbili. Tarehe 30 alikuwa na themanini na saba. Tarehe 2 Septemba alitema damu, kiasi cha vijiko viwili. Mzee Elkana alitangaza kanisani kwamba mgonjwa hafungi, kwamba kosa lilikuwa lake, na hakuongeza neno. Wanawake wa kwaya walipeana zamu ya kumpikia uji wa mchele. Bi Kazija alileta mayai, kila siku mawili, akiyapitisha juu ya ua na kuuliza, "Leo mwakubali vyangu?" Damari alimjibu kwamba mayai hayaendi darubini.

Gadi naye aliyapimisha makohozi yake mwenyewe kwa daktari. Vijiti havikuwapo, daktari alisoma mara mbili.

Yeye na mkewe walizungumza ya lazima tu kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Damari alimwambia asogeze kitanda chake karibu na dirisha, na alipokisogeza, akamwambia akae.

"Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Nami."

"Na nani?"

"Na mimi. Na wao. Na Mungu."

"Mwambie basi. Usiniletee mimi zake."

Jumamosi tarehe 13 Septemba, saa sita mchana, jina la Damari Jaribu lilikwenda Unguja kwa telegramu. Jibu lilikuja Jumanne: kitanda kimoja, mgonjwa aje.

*

Alhamisi tarehe 18 Septemba walifika bandarini saa moja kasoro robo. Lori la abiria liliwashusha juu ya mteremko, na Damari alikataa kubebwa. Alipumzika mara tatu njiani. Mara ya pili Gadi alimshika kiwiko.

"Usinishike. Kama unataka kazi, hesabu hatua."

"Mia na arobaini na sita mpaka hapa."

"Mungu wangu, alikuwa kweli anahesabu," Damari alimwambia Mzee Elkana, aliyebeba sanduku. Mzee alicheka, kisha akaacha kucheka, akatazama pembeni.

Penye daraja la kupandia meli waliomba. Mzee Elkana aliuliza kwanza kama anaruhusiwa, na Damari alimpa dakika moja. Aliitumia nusu. Kisha Damari alimgeukia mumewe.

"Na wewe, unaomba siku hizi?"

"Kila siku."

"Kwa adabu?"

"Hapana."

"Vizuri. Usiache mpaka nirudi."

Alipanda kwa miguu yake, mkono mmoja kwenye kamba. Muuguzi wa melini alipokea bahasha ya daktari, akasoma karatasi zote tatu pamoja na mstari mwekundu, akauliza nani aliyesoma vioo. Gadi alisema ni yeye. Muuguzi alimtazama, akatia sahihi, akamrudishia nakala.

Saa mbili kasoro dakika tano daraja liliondolewa. Saa mbili na dakika nne meli iliondoka, na Damari Jaribu, namba 61, alikuwa ndani.